Daraja la Rama lavusha mahujaji, laacha wakimbizi ufukweni

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1914 reli mbili, katika mabara mawili tofauti, zilifika mahali ambapo nchi kavu inakwisha. Ya kwanza ni Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ya pili ni reli ya Waingereza kusini mwa India, ambayo mwaka huo ilivushwa juu ya bahari kwa daraja la Pamban hadi kwenye kisiwa chenye mji wa Rameswaram, katika jimbo ambalo leo linaitwa Tamil Nadu.

Mbele ya reli zote mbili kulikuwa na maji, na ng'ambo ya maji kulikuwa na nchi nyingine. Kutoka Kigoma watu na mizigo walivuka kwenda Kongo na Burundi. Kutoka ncha ya kisiwa cha Rameswaram, mahali paitwapo Dhanushkodi, meli ilivuka hadi Talaimannar nchini Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Umbali wake ni takriban kilometa 30 tu, na abiria aliweza kutoka Madras hadi Colombo kwa tiketi moja.

Leo sehemu hizo mbili zinafanana kwa jambo jingine lisilo la kujivunia. Katika kata ya Makere, wilayani Kasulu, iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa Novemba 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo waliovuka ziwa kukimbia vita. Na pale Mandapam, upande wa bara unaotazamana na kisiwa cha Rameswaram, iko kambi iliyowapokea Watamil wa Sri Lanka waliovuka mlangobahari wa Palk kwa boti za wavuvi, nao wakikimbia vita.

Tofauti ni kwamba wakimbizi wa Mandapam, wengi wao wakiwa Wahindu, walifikia mlangoni kwa miungu wao wenyewe. Lugha yao ni ileile ya wenyeji, na hekalu wanaloliheshimu liko ng'ambo ya daraja. Mtu angetarajia kwamba wao, kuliko wakimbizi wengine wote duniani, wangepata makazi ya kudumu bila shida. Haikuwa hivyo, na sababu zake zinastahili kutazamwa kwa makini na nchi ambayo nayo inajiuliza iwafanye nini watu wa Nyarugusu.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo ni lazima kwanza kuelewa Rameswaram ni mahali gani. Kwa mujibu wa masimulizi ya Kihindu, Sita, mke wa Rama, alitekwa na Ravana, mfalme wa Lanka, akapelekwa ng'ambo ya bahari. Rama, ambaye Wahindu wanaamini kuwa ni mungu Vishnu aliyeshuka duniani katika umbo la binadamu, alifika ufukweni na jeshi lake la nyani wakiongozwa na Hanuman na wenzake. Jeshi hilo likajenga daraja la mawe juu ya bahari, likavuka, Ravana akauawa na Sita akakombolewa.

Msururu wa visiwa vidogo na mafungu ya mchanga unaoonekana kati ya India na Sri Lanka ndio ambao waumini wanauita daraja la Rama. Ramani za Wazungu zimeuandika kwa jina jingine, daraja la Adamu.

Lakini hadithi haiishii kwenye ushindi. Ravana, pamoja na uovu wake, alikuwa wa ukoo wa makuhani, na kumuua mtu wa namna hiyo ni dhambi. Rama aliporudi ufukweni alitaka kutubu kwa kumwabudu Shiva. Alimtuma Hanuman mlimani Kailash, kaskazini ya mbali, akalete linga, yaani jiwe ambalo ni alama ya Shiva. Hanuman alichelewa, na saa iliyopangwa ilipokaribia kupita, Sita akafinyanga linga kwa mchanga wa pwani. Hanuman aliporudi na kukuta kazi imekwisha alihuzunika, na Rama, ili kumtuliza, akaagiza kwamba linga aliyoileta ndiyo itakayoabudiwa kwanza kila siku. Zote mbili zimo ndani ya hekalu la Ramanathaswamy, na utaratibu huo unafuatwa hadi leo.

Kwa hiyo Rameswaram ni mahali ambapo Vishnu, katika umbo la Rama, alimsujudia Shiva. Wahindu wanaomtanguliza Vishnu na wale wanaomtanguliza Shiva wote wana sababu ya kwenda huko. Mji huo ni mmoja wa mahali 12 panapohesabiwa kuwa patakatifu zaidi kwa Shiva, na pia ni mmoja wa vituo vinne vya hija kuu: Badrinath kaskazini, Dwarka magharibi, Puri mashariki na Rameswaram kusini.

Hujaji anayefika huanza kwa kuoga baharini. Kisha, akiwa na nguo zilizolowa, huingia hekaluni na kupita kwenye visima 22, ambapo humwagiwa maji kwa ndoo kisima kimoja baada ya kingine. Baada ya hapo hubadili nguo na kwenda mbele ya linga, akipita katika kumbi ndefu zenye nguzo zaidi ya 1,200 katika ukumbi wa nje pekee. Wapo wanaochota mchanga wa ufukwe huo, wakaupeleka hadi mto Ganga huko Kashi, kaskazini, na kurudi na maji ya mto huo ili yamiminwe juu ya linga ya Rameswaram. Hija yao huhesabiwa kuwa imekamilika pale tu mtu anaporudi.

Miungu hao si wageni katika pwani ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Kutch na Gujarat walikuwapo Zanzibar tangu enzi za Sultani Sayyid Said, na mmoja wao, Jairam Shivji, ndiye aliyekodi ushuru wa forodha wa dola hiyo katika karne ya 19. Mahekalu yapo Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala. Kwa Mhindu wa Dar es Salaam mwenye asili ya Gujarat, Dwarka iko kwao na Rameswaram ni safari ya mbali zaidi, lakini zote zimo katika hija ileile.

Na Tanzania imewahi kumpokea mtoto wa Rameswaram kwa heshima zote za kitaifa. A.P.J. Abdul Kalam, aliyekuwa Rais wa India kuanzia 2002 hadi 2007, alizuru Tanzania Bara na Zanzibar Septemba 2004. Kalam alizaliwa Rameswaram mwaka 1931 katika familia ya Kiislamu. Baba yake alikuwa imamu wa msikiti wa mtaani, na pia alikuwa na boti iliyowasafirisha mahujaji wa Kihindu kati ya Rameswaram na Dhanushkodi. Kalam alipofariki mwaka 2015 alizikwa katika mji huo.

Maisha ya namna hiyo, ambapo Mwislamu anapata riziki kwa kuwavusha Wahindu kwenda kuabudu, yanaonyesha kwamba mji huo haukuwa umezoea kumwuliza mtu dini yake kabla ya kumpandisha botini. Maswali yalikuja baadaye, na yaliletwa na serikali.

Pigo la kwanza lilitoka baharini. Usiku wa Desemba 22 kuamkia 23, mwaka 1964, kimbunga kiliufuta mji wa Dhanushkodi na kusomba treni ya abiria iliyokuwa na zaidi ya watu 100. Reli ya kwenda Dhanushkodi haikujengwa tena na njia ya meli ya kwenda Talaimannar haikurudi kuwa ilivyokuwa.

Pigo la pili lilikuwa la binadamu. Mwaka 1974 India na Sri Lanka ziligawana maji ya mlangobahari huo, na kisiwa kidogo cha Katchatheevu kikaangukia upande wa Sri Lanka. Tangu hapo wavuvi wa Rameswaram wanaovuka mstari wakifuata samaki wamekuwa wakikamatwa na jeshi la majini la Sri Lanka, mamia kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Kilichobaki cha desturi ya zamani ni sikukuu ya Mtakatifu Antoni, ambapo mara moja kwa mwaka Wakatoliki wa pande zote mbili hukutana katika kanisa la Katchatheevu bila kudaiwa pasipoti.

Kisha ikaja vita. Baada ya mauaji ya Watamil yaliyotokea Sri Lanka Julai 1983, watu walianza kuvuka kwa boti kuingia Tamil Nadu. Kufikia mwisho wa vita Mei 2009, takriban watu 300,000 walikuwa wamevuka kwa nyakati mbalimbali. Wengi walifikia Mandapam, katika majengo ambayo Waingereza waliyatumia zamani kuwaweka karantini vibarua waliokuwa wakipelekwa kwenye mashamba ya Ceylon.

Mwanzoni walipokewa kama ndugu. Hali ilibadilika Mei 21, 1991, pale Waziri Mkuu wa zamani wa India, Rajiv Gandhi, alipouawa kwa bomu katika mkutano wa kampeni ndani ya Tamil Nadu, na kundi la waasi wa Kitamil la LTTE likabainika kuhusika. Tangu siku hiyo mkimbizi wa Kitamil aliacha kuwa ndugu tu, akawa pia mtuhumiwa.

Wasomaji wa Kigoma wanaijua hali hiyo. Tanzania ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyetunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi, iliwapa uraia Wanyarwanda zaidi ya 30,000 mwaka 1980. Lakini baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 na mafuriko ya watu yaliyofuata, msimamo ulikaza. Desemba 1996 Wanyarwanda walitakiwa kurudi kwao, na mwaka 1998 ikapitishwa Sheria ya Wakimbizi inayomtaka mkimbizi akae ndani ya kambi na asitoke bila kibali. Nyarugusu ilizaliwa katika kipindi hicho hicho cha mlango kufungwa nusu.

Turudi India. Mwaka 2019 Bunge la nchi hiyo lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uraia, na kanuni zake zikatangazwa Machi 2024. Sheria hiyo inarahisisha uraia kwa Wahindu, Masingasinga, Wabudha, Wajaini, Waparsi na Wakristo walioingia India kutoka Pakistan, Bangladesh na Afghanistan kabla ya mwisho wa 2014. Sri Lanka haimo. Hoja ya serikali ni kwamba sheria inawalenga walioteswa kwa sababu ya dini katika nchi ambazo Uislamu ndiyo dini ya dola, na vita ya Sri Lanka ilikuwa ya kikabila.

Matokeo yake ni kwamba Mhindu aliyekimbia Lahore ana njia ya kuwa Mhindi, lakini Mhindu aliyekimbia Jaffna na kutua hatua chache kutoka hekalu la Rama hana njia hiyo. Sheria iliyotungwa kwa jina la kuwalinda Wahindu imewaacha nje Wahindu waliokuwa karibu zaidi. Wakosoaji wake wengi wameilaumu kwa kuwabagua Waislamu, na lawama hiyo ina msingi. Mandapam inaongeza jambo la pili: kwamba hata aliyetajwa kwa dini yake hana uhakika, kwa sababu kinachotazamwa mwishoni ni alitoka nchi gani na mwaka gani.

Mfano ulio wazi ni wa mwanamke mmoja aliyezaliwa katika kambi ya Mandapam mwaka 1986. Alipoomba pasipoti ya India alikataliwa kwa kuwa ni mkimbizi. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Madras iliamua kwamba apewe, kwa sababu sheria ya wakati huo ilimfanya raia mtu yeyote aliyezaliwa katika ardhi ya India kabla ya Julai 1, 1987. Aprili 2024 alipiga kura katika uchaguzi mkuu. Mtoto aliyezaliwa katika kambi hiyo hiyo, kwa wazazi wa hali ileile, mwishoni mwa mwaka 1987, hana haki hiyo. Miungu yao ni ileile na kisima walichochota maji ni kilekile. Kilichowatenganisha ni kalenda.

Zaidi ya watu 50,000 bado wamo katika kambi za Tamil Nadu, mbali na wanaoishi nje ya kambi. Wanaruhusiwa kutoka kutafuta vibarua, wengi kama wapaka rangi wa nyumba, lakini siku ya kuhesabiwa lazima wawepo. Mwaka 2021 serikali ya jimbo, chini ya Waziri Kiongozi M.K. Stalin, ilibadilisha jina la kambi hizo ili zisiitwe tena za wakimbizi na ikatangaza mpango wa kuwajengea nyumba. Septemba 2025 serikali kuu nayo iliwaondolea adhabu za sheria ya wahamiaji wale walioandikishwa na kuingia kabla ya Januari 9, 2015. Hizo ni nafuu za kweli, lakini si uraia.

Aprili 6, 2025, sikukuu ya kuzaliwa kwa Rama, Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua daraja jipya la reli la Pamban, lenye urefu wa zaidi ya kilometa mbili na sehemu ya kati inayonyanyuka wima kupisha meli. Siku hiyo alikuwa ametoka Sri Lanka kwa ndege, na akiwa angani alieleza furaha yake ya kuliona daraja la Rama. Mahujaji sasa wanafika hekaluni kwa urahisi zaidi. Kambi ya Mandapam iko palepale, upande wa bara wa daraja hilo.

Kwa nini haya yamhusu mtu wa Makere? Kwa sababu hapa nchini imezoeleka kuamini kwamba undugu wa damu na lugha utamaliza jambo lenyewe. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Wakongo wa Nyarugusu wanaongea Kiswahili. Makanisa ya kambini yanaimba nyimbo zinazojulikana vijijini, na wapo waliokwisha kuoleana na wenyeji.

Lakini mpakani kufanana hakuleti usalama siku zote. Malalamiko ya wakazi wa Kigoma kushukiwa kuwa si raia, kwa sababu tu ya lafudhi na majina yao, yamesikika bungeni kwa miaka mingi. Mtu anayefanana na mkimbizi hushukiwa kuwa ni mkimbizi, na mkimbizi anayefanana na mwenyeji hushukiwa kuwa amejificha. Undugu uliotarajiwa kuwa daraja umegeuka kuwa sababu ya kuulizwa vitambulisho.

Kilichowahi kufanya kazi nchini ni uamuzi ulioandikwa. Mwaka 2014 Serikali ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mwaka 1972 na kuishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hawakupewa kwa sababu ya dini wala kabila. Walipewa kwa sababu Serikali ilikubali kwamba mtu aliyelima mahali kwa miaka zaidi ya 30, na ambaye wanawe hawajui nyumbani kwingine, si mgeni tena.

Nyarugusu haina uamuzi wa namna hiyo. Warundi walioingia kuanzia 2015, wengi wakiletwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba kutoka Kagunga, wamekuwa wakirejeshwa kwao tangu 2017. Wakongo hawana pa kurejea kwa amani: mapema mwaka 2025 waasi wa M23 waliteka Goma na Bukavu. Njia ya kuhamishiwa Marekani, ambayo maelfu ya watu wa Nyarugusu waliitegemea, ilisimamishwa Januari 2025. Na uraia haujawekwa mezani. Aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 ni mtu mzima mwenye watoto, na wote wanahesabiwa wakimbizi.

Wananchi wa Kasulu na Kibondo wana hoja zao, nazo si ndogo. Misitu imekatwa kwa kuni, ardhi imebanwa, na yamekuwapo matukio ya ujambazi yaliyohusishwa na silaha kutoka ng'ambo. Serikali haiwezi kutakiwa ibebe mzigo peke yake wakati nchi tajiri zinapunguza misaada. Lakini hoja hizo zinahitaji uamuzi, na kuendelea kuwaweka watu kambini kwa miongo mitatu chini ya jina la muda si uamuzi. India imejaribu njia hiyo kwa zaidi ya miaka 40, kwa watu wa dini yake na wa lugha ya jimbo lake, na bado mahakama zinahangaika na tarehe za kuzaliwa.

Hujaji wa Rameswaram anajua safari yake inakwisha lini: mchanga ukifika Ganga na maji ya Ganga yakifika kwenye linga. Mkimbizi wa Mandapam na wa Makere hajaambiwa. Wanaoweza kumwambia hawako hekaluni wala kanisani. Wako New Delhi na Dodoma, na wanachotakiwa kukitoa ni sheria inayosema nani atarudi, lini, kwa usalama upi, na ambaye hawezi kurudi atakuwa nani.